Ndoo tisini, tangi moja: kisa cha matango yaliyojikunja

Nilipoitwa, mwenye kitalu alikuwa ameshapuliza dawa ya wadudu mara mbili na kuongeza mbolea mara moja. Ilikuwa siku ya 19 tangu miche ihamishwe. Majani ya juu ya mitango yake yalikuwa yamejikunja kuelekea chini, kingo zimepauka na kuanza kukauka, kila jani kama mwavuli uliofunguliwa nusu. Maelezo alikuwa nayo tayari: ni virusi, vimeletwa na inzi weupe. Alichotaka kwangu ni neno moja la kuafiki, ang'oe aanze upya.

Kisa chenyewe kilianzia ardhini. Misimu miwili mfululizo matango yake yalidumaa, na alipong'oa mizizi aliikuta imejaa vinundu. Minyoo fundo. Wakishaingia kitaluni hawatoki kirahisi, na mtango ni katika mimea wanayoipenda mno. Akaamua kuachana na udongo. Akapanga ndoo 90 za lita 12, mche mmoja kila ndoo, na kwa kuwa ni mtu wa kupenda kujaribu, akazijaza vitu vitatu tofauti: ndoo 30 kokopiti, yaani ule unga unaobaki makumbi ya nazi yakishatolewa usumba, ndoo 30 kokoto za pumisi, jiwe jepesi la volkano lenye vitundu vingi, na ndoo 30 vumbi la mbao. Mbegu ilikuwa moja, ya aina inayozaa bila kuchavushwa. Nilimuuliza kwa nini hakuchukua sufu ya mawe, yaani nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, ile inayotajwa sana katika kilimo cha aina hii tangu ianze kupandiwa mimea huko Denmark mwaka 1969. Akasema alitaka kitu ambacho kikichoka atakimwaga shambani bila wasiwasi. Sikuwa na la kubisha.

Ndoo zote zilinyweshwa kutoka tangi moja kwa mipira ya matone, kila ndoo na tundu lake la lita 2 kwa saa. Taima ilifungua maji mara 4 kwa siku, dakika 6 kila mara, sawa na mililita 800 kwa mche kwa siku. Maji ya mbolea yalikuwa na EC, yaani kipimo cha jumla ya chumvi za mbolea zilizomo majini, ya milisimensi 2.2 kwa sentimita, na pH, kipimo cha uchachu, ya 5.8, vipimo ambavyo mtango hauna ugomvi navyo. Ukisoma daftari lake utampa alama zote.

Nikaanza kwa kutembea tu, bila kushika kipimo. Kulikuwa na jambo ambalo yeye, kwa kukaa ndani ya kitalu kila siku, alikuwa hajaliona: ugonjwa ulikuwa na mpaka. Majani yaliyojikunja yalikuwa kwenye ndoo za kokopiti peke yake, tena karibu zote. Ukivuka kwenda mstari wa pumisi, nusu mita tu, majani ni bapa na ya kijani. Inzi mweupe hajui ndani ya ndoo kuna nini. Angekuwa yeye, ningeikuta mimea michache iliyougua ikiwa imetawanyika ovyo, au imejaa upande wa mlangoni na kupungua kadiri unavyoingia ndani. Tatizo linalosimama kwenye mpaka wa kitu ulichokiweka mwenyewe limetoka kwenye kitu hicho, au kwenye namna unavyokitendea.

Pumisi nayo haikuwa salama, ila ilikuwa na shida yake. Mimea ilikuwa mifupi, na saa sita mchana ililegea kama kitambaa kilicholowa, jioni ikasimama tena. Ya vumbi la mbao ilikuwa myembamba, rangi ya njano ikipanda kutoka majani ya chini. Malalamiko matatu, maji yale yale.

Kilichompoteza mwenye kitalu ni lile ongezeko la mbolea. Siku ya 14 alipandisha EC kutoka 2.2 hadi 3.0, na siku nne baadaye mimea ya vumbi la mbao ikaanza kurudisha rangi. Akaona amepatia: mbolea ilikuwa pungufu, na ile ya kokopiti imechelewa tu kwa sababu ya virusi. Nimeona watu wengi wakinaswa na mtego huu. Dawa moja inaponya theluthi ya shamba, unaiamini kwa theluthi mbili zilizobaki, kumbe huko inazidisha. Daftari lake mwenyewe lilionyesha kuwa kokopiti ilizidi kujikunja baada ya siku ya 14, siyo kabla. Alikuwa ameiandika tarehe ile kwa mkono wake.

Tukachimbua mche mmoja wa kokopiti ili tuone mizizi. Nilihofia kuoza, maana Pythium, kijidudu kinachofanana na kuvu, hupenda sana mizizi ya matango inayokosa hewa. Mzizi uliooza hivyo ukiuvuta, gamba lake hutoka mkononi na kuacha uzi mwembamba katikati. Hii ilikuwa myeupe na imara. Hilo likafutwa.

Kisha vipimo. Saa moja baada ya maji kufungwa, tulichagua ndoo tatu katika kila kundi, tukaweka beseni chini, tukamimina taratibu juu yake mililita 300 za maji yaliyokenekwa na kukinga yanayochuruzika. Yanayotoka ni yale yaliyokuwa yamekaa kwenye mizizi, yamesukumwa na mapya. Kokopiti ikatoa EC 5.1. Pumisi 3.2. Vumbi la mbao 1.9, wakati huo maji yanayoingia yakiwa 3.0. Maana yake ndani ya vumbi la mbao kuna kitu kinachokula mbolea kuliko mche, na ndani ya kokopiti kuna chumvi inayorundikana bila kutoka. Nikamuuliza kama amewahi kuona maji yakichuruzika chini ya ndoo za kokopiti. Akafikiri kidogo. Hajawahi, na alikuwa ameliona kuwa jambo jema, maana hakuna mbolea inayopotea.

Hapa na mimi nilikosea, na heri niseme. Nilipoona 5.1 nikasema chumvi imezidi, tusuuze. Tukachukua ndoo tano za kokopiti tukazimiminia maji matupu lita 5 kila moja. EC ikashuka vizuri hadi 1.4. Siku tatu baadaye jani jipya lililofunguka kwenye ndoo hizo lilikuwa limejikunja vile vile, pengine zaidi. Kwa hiyo chumvi kuzidi ilikuwa sehemu ya tatizo tu.

Nikarudi kwenye umbo la jani. Jani changa la mtango linalopinda chini na kuungua kingo, huku majani ya zamani yakiwa mazima kwa sura, ndivyo mtango unavyolia njaa ya kalsiamu. Kalsiamu husafiri pamoja na maji yanayopanda kutoka kwenye mizizi na kutokea majanini, na ikishatua kwenye jani haihami tena. Ndiyo sababu upungufu huonekana juu, kwenye jani jipya na ncha inayokua. Zaidi ya hapo, majani ya chini ya kokopiti yalikuwa yameanza kugeuka njano kati ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki kijani, na hiyo ni dalili ya magnesiamu. Upungufu wa vyote viwili, wakati tangi lina vyote viwili vya kutosha? Pumisi ilikuwa inakunywa maji hayo hayo na haina dalili hata moja kati ya hizo.

Basi kitu kilikuwa kinavichukua njiani.

Nilimuuliza kokopiti aliitayarisha vipi. Akajibu kwa fahari kidogo, na kwa haki: alilowesha matofali yake, akayaosha kwa maji safi mara mbili, akapima EC ya maji ya mwisho, 0.4. Wengi hawafiki hata hapo. Lakini kuosha huondoa chumvi iliyo huru ndani ya maji tu. Chembe za kokopiti zina uso wenye chaji hasi, na juu ya uso huo zimeng'ang'ania potasiamu na sodiamu, ambazo makumbi ya nazi huwa nazo kwa wingi kwa asili yake. Maji matupu hayaziondoi. Zinasubiri. Ikija kalsiamu au magnesiamu, zenye chaji mara mbili, chembe huzivuta hizo na kuziachia potasiamu na sodiamu ziingie majini. Kipimo cha EC hakioni mabadilishano hayo, kwa sababu chumvi imeingia na chumvi imetoka. Kinachobadilika ni jina lake.

Kulithibitisha tulitumia kifaa cha bei ndogo kabisa: kile kichupa cha matone cha kupimia ugumu wa maji, wanachotumia wafugaji wa samaki wa mapambo. Ugumu wa maji kwa kweli ni kalsiamu na magnesiamu. Unahesabu matone hadi rangi ibadilike. Tulichukua lita moja ya kokopiti iliyobaki stoo, tukaiosha kama alivyoosha mwanzo, tukapitisha juu yake lita moja ya maji ya mbolea ya kawaida, yale ya EC 2.2. Yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai, hivyo tuliyachuja na kuyazimua mara mbili kwa maji yaliyokenekwa ili rangi ionekane, kisha tukazidisha hesabu. Kabla ya kupita: matone 34. Baada ya kupita: matone 12. Tukarudia kwa pumisi: 34 yakaingia, 33 yakatoka. EC ya yaliyopita kwenye kokopiti ilikuwa 2.3. Mwenye kitalu alikitazama kile kipimo cha EC kama mtu aliyegundua kuwa karani wake amekuwa akimsomea jumla tu, siyo majina.

Hesabu inasaidia kuona ukubwa wa deni. Maji yake yalikuwa na kalsiamu kama miligramu 170 kwa lita. Mililita 800 kwa siku huleta miligramu 136 hivi. Ndoo ya lita 12 ina karibu kilo moja ya kokopiti ikiwa kavu, na hata tukisema nafasi zinazotaka kubadilishana ni chache, kilo hiyo humeza gramu 2 za kalsiamu bila shida. Gramu 2 gawanya kwa miligramu 136: siku 14 au 15. Kwa wiki mbili nzima ndoo ilikuwa inakula kabla ya mche. Na wiki mbili hizo ndizo ambazo mtango hukimbia kuliko wakati wowote, ukitoa jani jipya karibu kila siku.

Ongezeko la mbolea la siku ya 14 nalo linaeleweka sasa. Kuongeza mbolea yote kwa pamoja kuliongeza kalsiamu, lakini kuliongeza na potasiamu, ambayo tayari ilikuwa nyingi na hushindana na kalsiamu na magnesiamu mlangoni mwa mzizi. Halafu chumvi ikizidi kwenye mizizi mche huvuta maji kwa taabu, na kalsiamu inasafiri na maji. Ukipunguza maji yanayopanda umepunguza gari la kalsiamu. Hata mimi na lita 5 zangu za maji matupu nilishusha EC, lakini niliondoa pia kalsiamu kidogo iliyokuwa huru, na zile nafasi zenye njaa nikaziacha na njaa yake.

Tiba ya kokopiti ilipaswa kufanyika mche ukiwa ndani ya ndoo. Kwa siku mbili mfululizo, asubuhi, kila ndoo ilimiminiwa lita 4 za maji yenye gramu 1 ya kalsiamu naitreti kwa lita pamoja na kiasi kidogo cha magnesiamu salfeti. Baada ya hapo tangi likarudishwa EC 2.0, kalsiamu ikiongezwa na potasiamu ikipunguzwa kwa wiki mbili. Nilimwonya juu ya jambo moja ambalo huharibu kazi za watu: kalsiamu naitreti isikutane na salfeti wala fosfeti zikiwa bado nzito kwenye ndoo ya kuchanganyia, maana huganda zikawa jasi au uchafu mweupe unaoziba matundu. Ndiyo maana wakulima wa aina hii huwa na matangi mawili ya mchanganyiko mzito, vikakutana tu vikishazimuliwa. Madirisha ya kitalu yakaanza kufunguliwa mapema, kwa sababu hewa yenye unyevu mwingi huzuia majani kutoa jasho na hivyo kukwamisha gari lile lile.

Lakini kama tungeishia hapo tungekuwa tumetibu theluthi moja, kama alivyofanya yeye. Kosa lililobeba mengine lilikuwa taima. Ratiba moja kwa vitu vitatu ambavyo havifanani kwa lolote isipokuwa kwamba si udongo.

Pumisi hushika maji machache na kuyaachia upesi. Dakika 6 zikifunguliwa, sehemu kubwa inapita na kutokea chini, na hadi zamu inayofuata mche umekauka. Ndiyo maana ulilegea mchana na kudumaa. Haikuhitaji maji mengi zaidi, ilihitaji maji yale yale yamegawanywa. Tukaipa mpira wake na ratiba ya mara 12 kwa siku, dakika 2 kila mara. Kulegea kukaisha siku ya pili, na huo ndio ushindi rahisi kuliko wote niliouona mwaka ule. Kokopiti, kinyume chake, hushika maji kama sifongo. Mililita 800 zilinywewa zote na mche, chumvi ikabaki. Ikawekewa mara 5 kwa siku, lakini kwa muda wa kutosha ili robo ya maji yanayoingia itoke chini, na kila asubuhi akawa anapima EC ya yanayotoka. Ikipita ya yanayoingia kwa zaidi ya 1, anaongeza muda. Moyo ulimuuma kuona mbolea ikichuruzika. Akaweka mfereji wa kuipeleka kwenye miti ya matunda nje.

Vumbi la mbao lilikuwa na mlaji wa aina nyingine. Mbao ni kaboni tupu kwa naitrojeni kidogo sana, mamia kwa moja, na bakteria na kuvu wanaozivunja huitafuta naitrojeni popote, yaani kwenye maji ya mbolea. Ndiyo sababu ya EC ya 1.9 iliyokuwa ikitoka, na ya nafuu iliyofuata ongezeko la siku ya 14. Tuliuongezea naitrojeni mstari huo peke yake. Binafsi silipendi vumbi la mbao jipya. Likikaa nje likinyeshewa na kuoza nusu kwanza, ulaji wake hupungua, na lile la miti yenye utomvu mwingi huacha kuchoma mizizi. Lakini watu wengi wamevuna vizuri juu yake, na sitajifanya kwamba uzoefu wangu mmoja au miwili unalifuta.

Majani yaliyokwisha kujikunja hayakunyooka. Hili lilimkatisha tamaa, hadi nilipomfungia kamba nyekundu kwenye shina, juu ya jani la mwisho la siku ile, nikamwambia asitazame chochote chini ya kamba. Siku ya 9 majani mawili juu ya kamba yalikuwa bapa. Katika mitango 30 ya kokopiti, 6 ilikuwa imekufa ncha. Hiyo tuliiachia chipukizi la pembeni likawa shina jipya, ikachelewa lakini ikazaa. Pumisi ilianza kuvunwa siku ya 39, kokopiti siku ya 47, na kufikia wiki ya kumi kokopiti ilikuwa imeipita pumisi kwa uzito wa kila wiki. Sitaki mtu aichukue hiyo kama shindano. Lilikuwa kundi moja la kila kitu, halikurudiwa, na mojawapo lilianza mbio likiwa limefungwa miguu.

Kuna ndoo mbili ambazo hazikupona kwa lolote tulilofanya. Zilikuwa pembeni kabisa, za kokopiti, na mitango yake ilibaki imedumaa hata majani yalipokuwa mazuri. Tulipoziinua mwisho wa msimu, zilikatalia chini. Mizizi ilikuwa imepenya matundu ya chini ya ndoo na kuingia ardhini, na huko ilikuwa na vinundu kama shanga. Alikuwa ameziweka ndoo juu ya ardhi tupu, juu ya ile ile aliyoikimbia.

Msimu uliofuata alitandika turubai na kuziinua ndoo juu ya matofali. Kokopiti aliiloweka kwanza, gramu 100 za kalsiamu naitreti kwa kila tofali la kilo 5, saa 24, kisha akaiosha. Maji ya kwanza yaliyotoka yalikuwa na EC kubwa hadi akadhani kipimo kimeharibika, ilhali ile potasiamu na sodiamu ndiyo ilikuwa inahama. Pumisi aliiosha, akaichemsha kwa mvuke na kuirudisha kwenye ndoo kama ilivyokuwa. Vumbi la mbao limeshuka hadi nusu ya ndoo, na mara ya mwisho tulipoonana alikuwa hajaamua kama ataliongezea au atalimwaga.